Barua za askari wa zamani na tamthilia ya Kigiriki kwenye redio: mwongozo kamili toka sandukuni mpaka hewani

Fikiria kwanza hii. Ni mwaka 1944, kijijini huko Tanganyika au Kenya au Nyasaland, barua imefika toka kwa kijana aliyechukuliwa na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akapelekwa Burma, mama yake hajui kusoma, basi anatafutwa mwalimu au katekista au mtoto wa jirani aliyefika darasa la 4, watu wanakaa mkekani na barua inasomwa kwa sauti, inarudiwa, mama anauliza "hebu soma tena pale", inasomwa tena. Sasa rudi nyuma mpaka mwaka 472 kabla ya Kristo, Athens, kwenye tamthilia ya Waajemi ya Aeschylus: Atossa, mama wa mfalme Xerxes, mwanawe kaenda vitani na jeshi zima, nyumbani wamebaki wazee, hakuna habari, halafu anatokea tarishi anakimbia na habari zote anazo yeye kinywani. Mama anauliza, tarishi anajibu. Vita yenyewe huioni hata kidogo, unaisikia tu.

Hapo ndo niliposhika kitu ambacho mwongozo huu wote unakizunguka: kwenye barua na kwenye tamthilia mwenye mchezo ni yule ANAYESIKILIZA, anayesubiri. Ukimsahau huyo unabaki na kijana anasoma karatasi na muziki wa huzuni kwa nyuma, ambavyo tumeshavisikia sana na havimfikishi msikilizaji popote.

Nimeandika kwa mtu mwenye simu, laptopu ya kawaida, marafiki wanne watano na redio ya jamii iliyo tayari kumpa nusu saa.

Hatua ya 1: Barua unazipata wapi, na nani akuruhusu

Anza na watu. Uliza nyumbani, uliza kanisani na msikitini, uliza wazee wa mtaa ni nani baba yake au babu yake alikuwa keya, yaani askari wa KAR. Barua nyingi zimepotea, mchwa wamekula, nyumba zimeungua, kwa hiyo ukipata hata mbili umepata mali. Na usitafute barua peke yake, tafuta na bahasha, kadi, picha yenye maandishi nyuma, kitabu cha kutolewa jeshini. Kama familia haina kitu nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, na kule London makumbusho ya vita ya Imperial War Museums yana mikusanyo mikubwa ya barua binafsi, ingawa za Waingereza ndo nyingi zaidi kuliko za askari wetu.

Ruhusa ni mambo mawili na watu wanayachanganya sana. Karatasi ni ya aliyeandikiwa au warithi wake. Maneno ni ya aliyeandika au warithi wake. Unaweza kuta mjukuu wa mama anayo karatasi lakini haki ya maneno iko kwa watoto wa askari mwenyewe, na hao wawili hawasalimiani miaka 20. Kenya sheria inahesabu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, Tanzania waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaanza, na Uingereza kuna kanuni ya ajabu kwamba barua ambayo haijawahi kuchapishwa, ya mtu aliyekufa kabla ya 1969, inalindwa mpaka mwisho wa 2039, hivyo barua ya kwenye hifadhi ya London usiidhanie ni bure kwa sababu ni ya zamani.

Lakini zaidi ya sheria kuna heshima. Kaa na familia, wasomee barua yote kwa sauti kabla hujaomba chochote, maana mara nyingi hawajawahi kuisikia yote. Kuna barua zina deni, zina mwanamke ambaye sio bibi yenu, zina mtoto. Waachie wao waseme hiki kisomwe hiki kisisomwe, andika makubaliano hata ukurasa mmoja, na majina ya watu wa tatu yabadilishe au yaondoe.

Hatua ya 2: Nakili kama ilivyo

Piga picha kila ukurasa mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Halafu nakili kwa mkono au kwa kompyuta kila herufi kama ilivyo, makosa yote, "r" iliyokaa mahali pa "l", nukta zisizokuwepo, usisahihishe. Kosa la tahajia ndo lafudhi ya mtu ile, ndo sauti yake imebaki hapo. Mwigizaji wako ataitumia.

Halafu isome kwa sauti wewe mwenyewe mara 3 na upime muda. Mimi kwa Kiswahili cha kusoma redioni nahesabu maneno 100 mpaka 110 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu, ukikimbilia 140 msikilizaji anaachwa. Barua ya kurasa mbili utakuta ina dakika 3.

Na tafadhali usikate salamu! Hapa ndo nagombana na watu kila mara. Prodyuza anaona "salamu nyingi sana kama majani ya mti, ama baada ya salamu mimi huku mzima wa afya hofu ni kwako wewe" anasema hii haina habari, futa. Jamani, hii ndo habari yenyewe. Mama kule mkekani alikuwa anasubiri neno moja tu, MZIMA, na likishatamkwa ndo anaanza kupumua, kinachofuata chote ni nyongeza. Ukikata salamu umekata pale ambapo moyo wa msikilizaji ulikuwa umesimama.

Hatua ya 3: Jua kilichokuwa kinatokea siku ile

Barua za vitani zilipita kwa mkaguzi wa jeshi. Askari hakuruhusiwa kutaja yuko wapi, wanaenda wapi, wamekufa wangapi. Pia yeye mwenyewe hakutaka kumtisha mama. Kwa hiyo barua inasema "huku mvua ni nyingi" halafu inauliza habari za ng'ombe, na wewe lazima ujue hiyo mvua ni ipi.

Kila kikosi kiliandika shajara ya vita, siku kwa siku. Za Asia ya Kusini Mashariki ziko The National Archives, Kew, London, kwenye fungu la WO 172, za vita ya kwanza ziko WO 95. Sio zote zimewekwa mtandaoni lakini orodha unaitafuta bure, na kama una ndugu anayeishi Uingereza mwombe aende na simu apige picha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, matope, malaria, scrub typhus (homa inayoletwa na utitiri), ikafika Kalewa mapema Desemba. Ukiwa na tarehe ya barua na namba ya kikosi unaweza kuweka barua hapa na shajara pale, na kati yake ndo pana mchezo. Kijana anasema sijambo. Shajara ya siku ileile inasema vingine.

Ukumbusho wa waliokufa bila kaburi unautafuta kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, bure mtandaoni, unaandika jina na kikosi. Wengi walioondoka Mombasa na meli Khedive Ismail wako kule. Meli hii ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944 ikiwa njiani kwenda Colombo, ikazama ndani ya dakika chache, watu karibu 1,300 wakafa, na kati yao mamia ni wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa rejimenti ya 301. Majina yao yako kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita Nairobi. Kumbuka hii meli, nitairudia.

Hatua ya 4: Tamthilia ipi?

Usichague kwa umaarufu. Chagua inayoongea na barua ULIZO NAZO.

Kama barua ni za nyumbani kusubiri, au za baharini, au za kushindwa, chukua Waajemi. Ndo tamthilia ya zamani kuliko zote za Kigiriki zilizobaki nzima, na imeandikwa na mtu aliyepigana, Aeschylus alikuwa kwenye vita ya Marathon mwaka 490 kabla ya Kristo, ndugu yake aliuawa palepale, na vita ya majini ya Salamis ya mwaka 480 ilikuwa na miaka 8 tu mchezo ulipowekwa jukwaani, kwa hiyo waliokaa kuangalia ndio walewale waliovuta makasia. Na angalia alichofanya: badala ya kuimba ushindi wa kwao akaenda kukaa kwenye nyumba ya adui, na mama wa adui, akasikiliza kilio chao. Halafu kwa sisi wenye bajeti ndogo ina zawadi nyingine, inahitaji waigizaji wawili tu na korasi, lile kundi linaloimba na kujibizana nao (hapa ni wazee wa Uajemi), maana wakati ule mwigizaji wa tatu alikuwa hajaingizwa bado.

Kama barua ni za matope, chawa, njaa na kuchoka, chukua kipande tu cha Agamemnon, ya Aeschylus pia, ya mwaka 458 kabla ya Kristo, pale mpiga mbiu anaporudi toka Troy, kuanzia kama mstari wa 555. Anaulizwa habari za ushindi na yeye anaanza kueleza walivyolala chini ya kuta za adui, umande toka juu na unyevu toka ardhini unaozesha nguo, wadudu kwenye nywele, baridi ya kuua ndege, kisha joto la mchana bahari imelala bila upepo. Nilipoisoma mara ya kwanza nikaenda moja kwa moja kuifungua barua ya Burma niliyokuwa nayo, nguo hazikauki, nguo hazikauki, maneno yaleyale miaka 2,400 katikati. Na mistari 100 nyuma yake korasi inasema Ares mungu wa vita ni mbadilisha fedha wa miili, anapokea watu na kurudisha nyumbani majivu kwenye vyungu.

Kama barua ni za aliyerudi na hakurudi sawasawa, basi Ajax au Philoctetes za Sophocles, naye alikuwa jenerali. Marekani toka 2008 mwongozaji Bryan Doerries amekuwa akileta waigizaji wasome hizi mbili mbele ya askari na wake zao na baada ya kusoma wanaongea wao, na maongezi huwa ni nusu ya shughuli. Wazo hilo redio inaliweza vizuri sana, simu zinafunguliwa.

Mwongozo huu kuanzia hapa nautumia Waajemi.

Hatua ya 5: Tafsiri

Kigiriki cha Aeschylus hakina hakimiliki, tafsiri ya juzi inayo. Hiyo kumbuka. Ya Kiingereza ambayo iko huru ni ya Herbert Weir Smyth, Waajemi yake ilitoka 1922, inapatikana kwenye maktaba ya mtandaoni ya Perseus pamoja na Kigiriki chenyewe ubavuni. Ni Kiingereza cha kizamani, kizito, lakini kinafuata mstari kwa mstari, kwa hiyo unakitumia kujua nini kinasemwa, halafu unakifunga na unakisema upya.

Nasema KISEME, sio kukiandika. Njia yangu: nasoma mistari 10, nafunga, nawasha rekoda ya simu, namwambia mtu aliye jikoni kilichotokea, kisha ndo naandika kile nilichosema. Ukitafsiri ukiangalia karatasi unatoa Kiswahili chenye mifupa ya Kiingereza na mwigizaji atakwama, utamwona anameza mate katikati ya sentensi.

Mfano mmoja mdogo. Tarishi anaeleza jinsi waliozama Salamis walivyouawa majini, wanapigwa na vipande vya makasia na mabaki ya meli kama watu wanaoua samaki wakubwa waliokwama wavuni, na samaki anayetajwa ni jodari. Mtu akaniambia weka "samaki" tu ili wa bara waelewe. Nilikataa. Aliyekulia Kilwa au Shimoni au Nungwi ameshaona jodari anapigwa rungu kichwani ndani ya ngalawa, sauti ile, damu ile inavyotoka nyingi nyekundu tofauti na samaki wengine, na wa Mwanza hata kama hajamwona ataelewa toka kwenye sauti ya mwigizaji anayejua. Neno mahsusi linabeba, neno la jumla linaelea.

Korasi ni kitu kingine, ile iliimbwa na kuchezwa. Hapa sisi tuna bahati maana tuna utenzi, mizani 8 kwa kila kipande, na utenzi toka zamani kazi yake moja kubwa ni kusimulia vita, hata ule wa Tambuka wa Pate wa mwaka 1728 unahusu vita na Herekali, kaisari wa Rumi ya mashariki aliyetawala watu wa Kigiriki. Mimi wazee wa Waajemi niliwaanzishia hivi:

Twaketi twaangalia
neno halijatujia
njia twaitazamia
ni kimya huko vitani

Rahisi hivyo, ili sauti nne ziweze kuupokea bila kukwama. Ila tarishi USIMPE vina. Mtu anayeleta habari ya vifo hatafuti vina, ukimpa anakuwa mghani na mama hatamwamini.

Hatua ya 6: Skripti

Dakika 28, ndo saizi ya kipindi cha nusu saa ukitoa utambulisho. Wengi wanapanga barua, tamthilia, barua, tamthilia, kwa zamu kama gwaride. Ikifika mara ya tatu msikilizaji ameshajua kinachofuata, anaenda kuteka maji. Afadhali uache kitu kimoja kitawale muda mrefu kisha kingine kiingie bila hodi.

Muundo niliouamini baada ya kuharibu miwili: unaanza na chumba. Mama, msomaji, watu wachache. Barua inafunguliwa (karatasi ya kweli, isikike) na salamu zinasomwa. Hii ifuatayo ni barua ya mfano nimeitunga mimi ili uone, usiitumie kama ya kweli:

MSOMAJI: "Kwa mama yangu mpenzi. Salamu sana. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima..."
MAMA: Soma tena hapo.
MSOMAJI: "Mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe. Huku mvua hainyamazi. Nguo hazikauki. Yule ng'ombe usimuuze, nikirudi nitaongea na mjomba."
MAMA: Ng'ombe ameshauzwa.
(kimya)
MSOMAJI: Niendelee?
KORASI: Twaketi twaangalia...

Umeona, mama hajalia, hajasema chochote kikubwa, na tayari tunajua kuna kitu kimeenda ambacho kijana hajui, kama ambavyo yeye kuna vitu anavyojua na mama hajui. Toka hapo tunaingia kwa Atossa bila mtangazaji kutuambia "sasa tunaenda Uajemi". Sauti ya mama yuleyule mwigizaji mmoja ndo Atossa. Hiyo ndo daraja na huhitaji nyingine.

Kisha mpe tarishi nafasi. Sehemu yake ni kama mistari 250 mpaka 514, ipunguze mpaka dakika 8 lakini usiivunjevunje kwa barua. Ndani yake kuna orodha ndefu ya majina ya makamanda waliokufa, majina ya kigeni, na kila mtu anataka kuiruka. Isome. Halafu katikati ya orodha, bila kubadili sauti wala kasi, korasi waanze kusoma majina ya mlioyapata ninyi, ya Khedive Ismail au ya kijiji chenu, cheo, jina, cheo, jina. Tulipoifanya hii mazoezini mzee mmoja wa korasi alisimama kwenye jina la tatu akaomba maji, lilikuwa jina la ukoo wao. Tulikaa kimya pamoja kisha akaendelea mwenyewe.

Na kuna mahali pamoja lazima pabaki hata ukikata vingine vyote. Kabla tarishi hajafika Atossa anawauliza wazee, hii Athens iko wapi, na nani bwana wao anayewaongoza? Wanamjibu: hawaitwi watumwa wa mtu yeyote, wala raia wa mtu. Sasa iweke hiyo karibu na barua ya kijana wa Tanganyika aliyevalishwa viatu na mfalme wa mbali akapigane na mfalme mwingine wa mbali, halafu Salamis ile sauti alfajiri toka meli za Wagiriki, nendeni, ikomboeni nchi yenu, wakomboeni watoto wenu, wake zenu, makaburi ya baba zenu. Usiweke maelezo, usimlete mchambuzi. Acha sekunde 4 za kimya na kijana asome mstari wake unaofuata.

Hatua ya 7: Waigizaji

Tunawajua hawa askari kama wazee, wenye mkongojo, kanda za medali kwenye koti siku ya mashujaa. Kwa hiyo watu wanampa barua mzee aisome kwa sauti nzito. Kosa kubwa. Aliyeiandika alikuwa na miaka 19, 20. Tafuta kijana wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, sauti ambayo bado haijatulia, na ukimsikia utashtuka jinsi barua inavyobadilika, "ng'ombe usimuuze" inakuwa ya mtoto anayetaka kuoa.

Barua isomwe na nani basi, kijana au msomaji wa kijijini? Vyote, kwa mpango. Ianze kwa msomaji, anayekwama kwenye mwandiko, anayerudia neno, na taratibu sauti ya kijana ipande juu yake mpaka msomaji apotee. Mara moja tu kwa kipindi kizima. Ukifanya kila barua inakuwa ujanja.

Korasi tafuta watu 4 waliozoea kuimba pamoja, kwaya au kikundi cha kasida au ngoma, wanajua kupumua pamoja na hiyo huwezi kuifundisha kwa wiki mbili. Mwisho wa Waajemi Xerxes anarudi nguo zimechanika na yeye na wazee wanalia kwa kupokezana, na Kigiriki pale kina vilio vingi visivyo na maana, otototoi. Usivitafsiri. Waulize kwenu mtu analiaje msibani, wanaume wazee wakijizuia, wakatoe hicho.

Hatua ya 8: Kurekodi

Chumba kwanza, maiki baadaye. Chumba chenye vigae na ukuta mtupu kitakushinda hata na maiki ya milioni. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia, nguo za kutundika, kinatosha. Zima friji na feni, kuku wapelekwe mbali, na rekodi usiku baada ya saa 4 au alfajiri kabla ya adhana ya kwanza. Kama una simu tu, iweke kwenye stendi umbali wa shibiri moja toka mdomoni na pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipulize. WAV, 48 kHz, na vilele visipite -6 dB. Rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, utazihitaji kuziba mapengo.

Waweke mama na msomaji chumba kimoja wakitazamana. Tarishi arekodiwe baada ya kupanda ngazi mbio mara mbili, kweli, pumzi ya kuigiza inajulikana. Mzimu wa Dario, baba yake Xerxes anayeitwa toka kaburini, usimwekee mwangwi wa pangoni, mweke karibu kabisa na maiki, kavu, ananong'ona kwenye sikio la msikilizaji huku wengine wote wakiwa na nafasi ya chumba. Aliyekufa awe karibu kuliko walio hai.

Milio tengeneza mwenyewe. Dengu zikizungushwa taratibu kwenye ungo ni bahari, mchele ukimwagwa juu ya kipande cha bati ni mvua ya masika, kanga kubwa iliyoloa ikikung'utwa ni tanga, na kupasua shuka la pamba polepole ndo nguo ya Xerxes. Na uwe mchoyo. Tarishi akisema meli zinagongana usiweke meli zinagongana, yeye ndo meli.

Hatua ya 9: Kuediti

Programu ya Audacity ni bure na inatosha. Muziki weka mahali pawili, labda patatu. Kimya usikiogope, ila mjulishe fundi wa stesheni kuna kimya cha sekunde 4 na 5, maana baadhi ya mitambo ikisikia kimya kirefu inaweka tangazo au wimbo wa dharura, na mimi iliwahi kunitokea kwenye stesheni fulani katikati ya majina ya marehemu. Toka siku hiyo chini ya kila kimya naacha ile sauti ya chumba.

Ukubwa wa sauti ukienda kwenye podikasti lenga -16 LUFS, na stesheni nyingine zinafuata -23, uliza. Kisha sikiliza kwenye redio ya bei rahisi jikoni watu wanakaanga, sikiliza kwenye spika ya simu ndani ya daladala. Neno lisilosikika pale rudi ukalipandishe au ukalirekodi upya.

Hatua ya 10: Kabla haijaenda hewani

Familia isikie kwanza, nyumbani kwao, sio kwa kutumiwa faili Whatsapp. Peleka spika. Kaa nao mpaka mwisho na usiulize "mmeionaje", subiri. Wakisema jina fulani litoke, litoe usiku uleule.

Siku ya kurusha, 12 Februari inafaa kama umetumia Khedive Ismail, Tanzania kuna Mashujaa tarehe 25 Julai, na kuna 11 Novemba, siku ya kukumbuka waliokufa vitani. Mtangazaji apewe sentensi tatu tu za kufungulia: barua ni za nani (kama familia imekubali), tamthilia ni ya nani na ya lini, na kwamba simu zitafunguliwa baadaye. Mwandae apokee simu za watu wanaolia na awe na namba ya kuwaelekeza kama kuna mtu wa ushauri nasaha mjini kwenu, maana watapiga pia walinzi wa amani waliorudi juzi, sio watoto wa keya peke yao.

Baada ya hapo familia ipewe nakala kwenye flashi mbili, na barua zenyewe zirudi kwenye bahasha zake kwa mpangilio uleule ulizozikuta, kila moja na mkunjo wake wa zamani, usizinyooshe. Weka na majani mawili ya mwarobaini makavu kwenye sanduku, pembeni, yasiguse karatasi.